Kikulacho Ki Nguoni: Saratani, Kinga ya Mwili na Sitiari ya Askari Mjini Garissa

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwaonya watu dhidi ya ndugu wasaliti na marafiki wanafiki, na ndivyo wanafunzi wa fasihi simulizi walivyozoea kuichambua. Hata hivyo, ni vigumu kupata maelezo ya saratani yaliyo mafupi na sahihi kuliko maneno hayo manne. Saratani si mgeni aliyeuvuka mto usiku. Ni seli ya mwili wenyewe, iliyozaliwa humo na kulishwa kwa damu ile ile inayowalisha jirani zake, kisha jeni zake zikaharibika na ikaacha kutii amri ya kukoma kugawanyika.

La kushangaza ni kwamba, ingawa lugha imebeba hekima hiyo, maelezo mengi ya Kiswahili kuhusu kinga ya mwili yameshikilia picha nyingine kabisa. Mwili ni ngome, maradhi ni maadui, na seli nyeupe za damu ni askari. Makala haya yanatoa hoja kwamba picha hiyo inapotosha pale ugonjwa unaozungumziwa unapokuwa saratani, kwamba katika mji kama Garissa inapotosha maradufu, na kwamba ni wajibu wa wanaosomea Kiswahili kuitafutia mbadala.

Mzee, mjukuu na neno moja

Chukua mfano wa mzee wa Galbet, mojawapo ya wadi za mji wa Garissa. Amekuwa akishindwa kumeza nyama kwa miezi kadhaa, kisha anjera, na sasa hata uji unakwama. Mfano huu haukuteuliwa ovyo. Saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazoua watu wengi zaidi nchini Kenya, nchi iliyo katika ukanda wa ugonjwa huo unaoanzia Ethiopia na kuteremka hadi Afrika Kusini. Mzee anapelekwa hospitali na mjukuu wake, msichana wa shule ya upili. Daktari ametoka kaunti nyingine na hajui Kisomali; mzee anajua Kiswahili cha sokoni tu. Msichana ndiye daraja. Daktari, kwa nia njema kabisa, anaeleza kwamba askari wa mwili wa mzee wamepigana na adui na sasa wamezidiwa nguvu.

Msichana anageuka, anasema "Awoowe," kisha anatafuta maneno. Neno moja halimsumbui kamwe. Askari kwa Kisomali ni askari vile vile, kwani lugha zote mbili zililitwaa kutoka Kiarabu. Neno limevuka daraja bila kulipa ushuru. Lakini limevuka na mzigo gani?

Msomaji asiyeijua historia ya Kaskazini Mashariki huenda asiuone mzigo huo. Eneo hili lilipitia vita vya Shifta kati ya 1963 na 1967, na sheria za hali ya hatari zikaendelea kulitawala hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Novemba 1980 nyumba za Bulla Kartasi mjini Garissa ziliteketezwa, na wakazi wakakusanywa katika uwanja wa shule ya msingi. Februari 1984 yakatokea mauaji ya Wagalla kule Wajir. Matukio haya yote yamo katika ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyotolewa 2013. Aidha, mwaka 1989 serikali iliwaamuru Wakenya wa asili ya Kisomali wajitokeze kuthibitisha uraia wao, na waliokubaliwa wakapewa kadi ya ziada ya rangi ya waridi. Upekuzi wa pekee kwa waombaji wa vitambulisho wa kaunti za mpakani uliendelea miaka mingi baadaye, hadi Rais alipotangaza kuukomesha Februari 2025.

Sasa mzee huyo aliyeishi miaka hiyo yote anaambiwa kwamba ndani ya mwili wake mna askari wanaozunguka wakikagua nani ni wa hapa na nani si wa hapa. Je, afurahi kuwa nao au aogope? Sitiari hufanya kazi kwa kukopa maana kutoka kwa jambo ambalo msikilizaji analifahamu. Msemaji asipojua msikilizaji wake analifahamu jambo hilo kwa sura gani, amekopa asichokijua bei yake.

Picha inayochelewesha

Pengine itasemwa kuwa hilo ni suala la hisia tu. La hasha. Kasoro kubwa ya sitiari ya askari ni ya kisayansi, nayo inaweza kugharimu uhai.

Mtu aliyefundishwa kuwa ugonjwa ni uvamizi husubiri dalili za vita, yaani homa, maumivu, uvimbe wenye joto. Kwa malaria au kidonda kilichooza atakuwa sahihi, kwa kuwa joto na maumivu hayo kwa sehemu kubwa huletwa na kinga yenyewe inapomkabili mgeni. Saratani changa kwa kawaida haina kishindo hicho. Seli zake zimefanana mno na seli nyingine za mwili, kwa hiyo mara nyingi mwili hauoni sababu ya kupiga mbiu. Umio huweza kuzibwa kidogo kidogo bila homa hata ya siku moja, na mgonjwa anapoanza kulalamika kuwa chakula kinakwama, sehemu kubwa ya njia huwa imekwisha kuzibwa. Mzee wa mfano wetu hakuwa mzembe. Aliitii picha aliyopewa. Hakusikia milio ya bunduki, akadhani pana amani.

Isitoshe, picha hiyo imewapa wachuuzi wa dawa mtaji mkubwa. Ikiwa tatizo ni uchache wa askari, basi tiba ni kuongeza askari, na ndiyo maana masoko yamejaa chupa na unga wa kila namna unaodaiwa "kuongeza kinga". Kumbe mara nyingi tatizo la kinga mbele ya saratani si idadi. Ni utambuzi. Seli za kinga zinaweza kuwa tele, hata ndani ya uvimbe wenyewe, na bado zikapita kando ya mhalifu kama mtu anayempita jamaa yake.

Lipo pia jambo la heshima. Anapofariki, mgonjwa huyu husemwa "ameshindwa vita", kana kwamba angejitahidi zaidi angepona. Hakuna anayesema hivyo juu ya mtu aliyeanguka kutoka juu ya mnazi.

Kisimani na mnadani

Iwapo sitiari ya askari haifai, ipi itafaa? Haina haja ya kuagizwa kutoka mbali. Wazee wengi wa Galbet walizaliwa katika familia za wafugaji, na mnada wa mifugo wa Garissa ni miongoni mwa minada mikubwa ya ng'ombe katika ukanda huu. Mfugaji anayefika kisimani akakuta ngamia mia wa watu mbalimbali hutambua walio wa ukoo wake kwa chapa iliyochomwa kwenye ngozi, ambayo Wasomali huiita sumad. Lakini mfugaji hodari haishii kwenye chapa. Hutazama pia manyoya, kinyesi, maziwa na mwendo, kwani vitu hivyo humwambia mnyama ana nini ndani. Chapa hujibu swali la "ni wa nani", dalili hujibu swali la "yu hali gani".

Hivyo hasa ndivyo kinga ya mwili inavyofanya kazi. Takriban kila seli ya mwili yenye kiini hubeba juu ya utando wake protini zilizo kama chapa ya mwili huo. Katika chapa hiyo seli hupachika vipande vidogo vya protini inazozitengeneza ndani yake, mithili ya sampuli zilizotolewa nje zikaguliwe. Seli za kinga ziitwazo seli za T hupita zikizisoma chapa na sampuli kwa pamoja. Katika miaka ya 1973 na 1974, Peter Doherty na Rolf Zinkernagel, wakifanya kazi mjini Canberra, Australia, walionyesha kwamba seli ya T haisomi kimoja bila kingine. Kwa ugunduzi huo walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1996. Mfugaji yeyote wa Garissa angewaelewa bila taabu.

Seli inapoharibika jeni na kuanza kutengeneza protini zisizo za kawaida, vipande vyake huweza kuonekana katika sampuli. Seli nyingine za kinga, zenye matawi kama mti, huviokota vipande hivyo na kuvipeleka kwenye matezi, mfano wa watu wa sahan, wale wanaotumwa mbele kuchunguza malisho na kurejesha habari kwa wazee. Ralph Steinman ndiye aliyezieleza seli hizo mwaka 1973. Alifariki kwa saratani ya kongosho tarehe 30 Septemba 2011, siku tatu kabla ya kutangazwa kuwa mshindi wa Nobel. Habari zikishafika matezini, seli za T zinazoitambua dalili ile huongezeka na kutoka kuitafuta. Zikiipata seli iliyoharibika hujibana nayo, huutoboa utando wake na kupenyeza vimeng'enya vinavyoifanya ijimalize yenyewe.

Je, saratani ikizifuta chapa zake ili isisomwe? Hilo hutokea. Lakini kisimani, mnyama asiye na chapa ndiye wa kwanza kutiliwa shaka. Mwilini pia lipo kundi la seli, zilizotambuliwa katika miaka ya 1970 na kuitwa wauaji wa asili, ambazo huziwinda seli zilizopoteza chapa. Saratani huwa kati ya moto na maji. Ikionyesha chapa itasomwa, ikiificha itashukiwa.

Mkono wa mzee

Sitiari ya mfugaji inalipita jeshi katika jambo jingine, ambalo ndilo kiini cha tiba mpya. Askari humuua adui bila huzuni. Mfugaji hamchinji mnyama wake vivyo hivyo. Kila anayeondolewa ni hasara ya zizi, na kijana mwenye pupa ya kisu akiachiwa atalimaliza kundi zima. Kwa hiyo huwapo mzee wa kumshika mkono.

Mwili nao una breki zake. Seli za T hukomaa katika tezi thaimasi, iliyo kifuani nyuma ya kidari, na humo zile zinazoelekea kuzishambulia seli za mwili wenyewe nyingi huondolewa. Zinazoponyoka hudhibitiwa na seli nyingine za ulinzi wa amani. Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi walitunukiwa Nobel mwaka 2025 kwa kuufafanua utaratibu huo. Breki zikikosekana, kinga huugeukia mwili, kama inavyotokea katika kisukari cha aina ya kwanza, ambapo seli zinazotengeneza insulini huangamizwa na kinga yenyewe.

Saratani imejifunza kuutumia mkono huo wa mzee. Huonyesha ishara ya kuomba subira, na seli ya T iliyokwisha kuitambua hutulia. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani waligundua, kila mmoja kwa njia yake, kwamba breki hizo zinaweza kuachiliwa kwa dawa. Dawa ya kwanza ya aina hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2011, na wawili hao wakapata Nobel mwaka 2018. Ikumbukwe kuwa dawa hizi haziongezi askari. Zinauondoa mkono uliozuia. Si kila saratani huzitii, na kwa kuwa breki zilikuwepo kwa sababu njema, baadhi ya wagonjwa hupata madhara pale kinga inapovishambulia viungo vizima. Ni nani awezaye kulieleza hilo kwa sitiari ya askari bila kujikanganya?

Kiswahili kiliwahi kuweza

Wapo watakaodai kwamba Garissa inahitaji mashine na dawa, si sitiari. Dai hilo lina uzito. Kwa miaka mingi mgonjwa wa saratani wa huko alilazimika kusafiri takriban kilomita 370 hadi Nairobi, na hata baada ya kituo cha saratani kufunguliwa katika hospitali ya rufaa mjini Garissa, dawa za kuachilia breki zingali na bei isiyofikiwa na mwananchi wa kawaida. Lakini ni kwa sababu hiyo hiyo maelezo yana thamani. Kilicho karibu na mkazi wa Galbet leo ni vitu visivyo ghali: kwenda hospitali mapema, kuacha tumbaku, kungoja chai ipoe (mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliviorodhesha vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 kuwa huenda vinasababisha saratani), na kuwachanja wasichana. Vyote hivyo hutegemea mtu kuelewa.

Suala la chanjo linaonyesha kuwa hata picha ya mgeni ina mahali pake. Saratani ya mlango wa uzazi karibu yote hutokana na virusi vya HPV, ambavyo kweli ni wageni wanaoingia na kuiharibu seli ya nyumbani. Kenya ilizindua chanjo yake Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Mama anayesitasita hahitaji kuambiwa habari za majeshi. Akumbushwe sotoka. Wafugaji walijua tangu zamani kwamba ng'ombe aliyeponea sotoka haugui tena. Chanjo iliyotengenezwa na Walter Plowright huko Muguga, Kenya, iliwafunza ng'ombe kumtambua mgeni huyo bila kuugua, na maeneo ya wafugaji wa Kisomali yakawa miongoni mwa mahali pa mwisho ugonjwa huo ulipofukuzwa, hadi dunia ilipotangazwa kuwa huru mwaka 2011. Aliyeyaona hayo zizini hatashindwa kuyaelewa yakisemwa juu ya binti yake.

Zaidi ya hayo, Kiswahili kimewahi kuifanya kazi hii kwa ufanisi mkubwa. Jina UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, liliieleza maradhi katika pumzi moja, na kupitia kwake mamilioni ya watu wa Afrika Mashariki walijua kwa mara ya kwanza kwamba mwili una kinga na kwamba inaweza kupungua. Fasihi ikafuata. Tamthilia ya Kilio Chetu iliingia madarasani Tanzania, na riwaya ya William Mkufya, Ua la Faraja, ikachapishwa 2004. UKIMWI wenyewe ulithibitisha uhusiano wa kinga na saratani, kwani miongoni mwa dalili zilizowashtua madaktari wa Marekani mwaka 1981 ilikuwa saratani ya Kaposi kwa vijana ambao kwa kawaida wasingeugua. Kinga ilipoanguka, saratani iliinuka. Jina saratani, kinyume chake, halielezi kitu kwa msikilizaji wa leo. Ni kaa wa Kiarabu, ndugu wa kaa wa Kigiriki na wa Kilatini, na miguu yake imebaki katika kamusi.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hadhi hiyo haitoshi ikiwa lugha hiyo haiwezi kumfaa msichana aliyesimama kati ya daktari na babu yake. Ni kweli kwamba Kisomali ndicho kinachostahili kulifikisha neno la mwisho kwa mzee. Hata hivyo, mpaka hospitali zipate wakalimani wa kutosha, maneno yataendelea kupitia Kiswahili, na yanapaswa kuwa maneno yanayoweza kuvuka salama.

Kwa hiyo vyama vya wanafunzi wa Kiswahili visiishie katika kutunga orodha za istilahi. Viende hospitalini, viketi na madaktari, wauguzi na wazee, vijaribu maelezo haya mbele ya wale wanaohusika, na viyabadilishe pale yanapokwama. Huenda sitiari ya kisima nayo ikaonekana na dosari kwa mkulima wa kando ya Tana au kijana asiyewahi kuchunga. Na itafutwe nyingine. Sharti ni moja tu, kwamba imfundishe msikilizaji kutoungoja mlio wa bunduki.

Neno kinga lina maana mbili katika Kiswahili. Ni ngao ya kuzuia madhara, na pia ni kijinga cha moto. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Tabibu anacho chake, na mwanafunzi wa lugha anacho chake. Vikiendelea kulala mbalimbali, mzee wa Galbet ataendelea kufika akiwa amechelewa.